Boti ya faiba imepauka: nipake rangi ama nirudishe jelikoti? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Lamu

Haya ni maswali ya wenye boti za faiba za miaka mingi, za kubeba abiria Mokowe na Lamu, za kuvulia, za kutembeza wageni Shela na Manda, na wengine wako Malindi. Majibu karibu yote ni ya faiba, boti za mbao zina swali lao moja huko chini.

Jelikoti ni nini kwani, si ni rangi nzito tu?

Hapana, na ukishaelewa hii nusu ya maswali mengine yanajijibu yenyewe. Jelikoti ni rezini ya poliesta, yaani gundi ya plastiki inayoganda, ilotiwa rangi, jamii moja na ile rezini iloshika nyuzi za boti yenyewe. Kiwandani hawapaki jelikoti juu ya boti, wanaanza kinyume. Wana moldi, yaani kalibu yenye umbo la boti, wanaipiga waksi mpaka unajiona uso, wanapuliza jelikoti ndani yake unene wa kama nusu milimita, alafu ndo wanalaza faiba na rezini kwa nyuma, na mwisho boti inabanduliwa kama mkate wa sinia. Sasa ule mng'aro uloupenda siku unanunua si wa jelikoti, ni wa moldi, jelikoti imeunakili tu.

Wewe hapo ufukweni huna moldi. Ukipaka jelikoti kwa rola ama kwa bunduki inatoka na mabonde mabonde, alafu kazi ya moldi unaifanya wewe kwa mkono, msasa namba 220, 320, 400, 600, 800, 1000, kisha kompaundi (dawa ya kung'arishia) kisha waksi, ubavu mzima, pande zote mbili. Rangi nzuri ya boti inajitandaza yenyewe ikiwa bado mbichi na inakauka iking'aa, lakini ni ngozi nyembamba, koti zote za finishi pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita tu.

Haya, mi sitaki hadithi, niambie ipi bora.

Kwa boti nyingi za zamani zinazozunguka hapa jibu langu ni rangi ya tini mbili (rangi na hadina, dawa yake ya kugumisha, unazichanganya) kwenye mbavu za nje, na jelikoti kwa viraka tu na sehemu za kugongwagongwa. Kupaka boti nzima jelikoti upya nje ya moldi kunalipa tu kama ile ya zamani bado ni jelikoti tupu haijawahi kuguswa na rangi, imeliwa sana, na una fundi mwenye subira ya msasa, sio fundi wa kukimbilia kazi nyingine Jumatatu.

Lakini pia angalia boti inaishi vipi. Ile inayobanwa na boti nyingine nane kwenye gati la Lamu, kila mtu anaruka kutoka hii kwenda ile, mizigo inaburutwa juu ya ukingo, hio itakwaruzwa kesho yake hata upake dhahabu. Mkwaruzo kwenye jelikoti unaujaza, unapiga msasa, unapolishi, kwisha, na mdogo unatoka kwa kompaundi tu manake kuna unene wa kula. Mkwaruzo kwenye rangi ya tini mbili unafika chini haraka, na kuipiga kiraka bila kuonekana ni kazi ya fundi hasa, aina nyingine ukizisugua ndo unaharibu ule uso wake wa juu. Kwa hivyo boti ya kazi ngumu, ukingo wa juu na pale inapogusana na wenzake mi naacha jelikoti, alafu chini yake ndo rangi.

Nijuaje kama inahitaji chochote? Imepauka tu na ukishika mkono unatoka mweupe.

Ule unga ni jelikoti iloungua na jua. Inaungua juu juu tu, huko ndani mara nyingi bado nzima, na watu wengi wanaingia gharama ya bure hapa. Chukua sehemu ndogo tu, upana wa sinia, osha kwa sabuni na maji baridi (yasiyo na chumvi), sugua kwa msasa wa maji namba 800 kisha 1000, kompaundi, waksi. Ikirudi kung'aa basi huhitaji rangi wala jelikoti, unahitaji kijana mwenye mikono na wiki ya kazi, na baada ya hapo waksi kila miezi michache, jua letu halina mchezo.

Ukisugua ukaanza kuona rangi tofauti chini, kijivu ama kijanikijani, ama nyuzi za faiba zinachungulia, hio jelikoti imekwisha na sasa ndo mazungumzo ya kupaka yaanze.

Maji nayo, tafadhali yawe maji baridi kweli. Visima vya Shela maji yake matamu, lakini kuna visima vingine mjini maji yana chumvi, ukisuuzia hayo unaacha chumvi juu ya boti, chumvi inavuta unyevu, na rangi inakuja kutoka na malengelenge ukabaki unalaumu duka.

Boti ilishapakwa rangi na mwenyewe wa kwanza. Naeza kurudisha jelikoti juu yake?

Hapana. Jelikoti haishiki juu ya rangi, na ile stairini, maji makali yaliyo ndani yake, inaeza kulainisha rangi ya chini ikakunjamana mbele ya macho yako. Labda utoe rangi yote, na ukishafika huko kwa gharama hio si bora urudie rangi.

Epoksi, rezini ya aina nyingine, pia vivyo hivyo. Kama boti ilipigwa viraka vya epoksi, jelikoti ya poliesta juu yake ni bahati nasibu, saa zingine haikauki pale chini inapogusana na epoksi, inabaki inanata. Rangi ya tini mbili na praima yake haina shida na epoksi. Boti ya miaka mingi ishapita mikononi mwa mafundi wangapi, nani anajua kila mmoja alitumia nini, ndo sababu nyingine naegemea rangi.

Nitajuaje iliyopo ni rangi ama jelikoti?

Fungua kitu kilichofungwa tangu zamani, klampu ya kamba ama bawaba, uangalie chini yake, rangi huwa inaishia ukingoni mwa kile kitu. Ama chagua kona ya siri upige msasa, ukiona tabaka mbili tatu za rangi tofauti basi imepakwa. Alafu chukua kitambaa chenye asetoni ushikilie hapo kidogo kisha usugue, rangi ya tini moja italainika na kutoka kwenye kitambaa, ya tini mbili haitajali. Osha ule unga kwanza, manake unga wa jelikoti ilokufa nao unatoka kwenye kitambaa ukakudanganya.

Hio ya asetoni ni muhimu kwa jambo jingine pia. Kama ya chini ni tini moja, usiweke tini mbili juu yake, thina yake kali itainyanyua yote. Ama uitoe, ama uendelee na tini moja.

Tini moja na tini mbili tofauti yake nini? Duka la hapa lina gloss ya mafuta tu.

Tini moja inakauka kwa hewa, unafungua unapaka. Tini mbili ina rangi na hadina yake, zikichanganyika zinashikana zenyewe na hazirudi nyuma tena, ndo maana ni ngumu na inakaa na mng'aro miaka kadhaa pale ambapo tini moja kwa jua la huku unarudia mwaka ama miwili. Tini mbili ni ghali, inataka praima yake na thina yake, usichanganye kampuni hii na ile kwa sababu rangi zinafanana kwenye tini.

Gloss ya nyumba mi siidharau. Kuna wavuvi wanapaka kila mwaka kabla ya msimu, siku mbili boti iko sawa, pesa kidogo, na mkwaruzo wanaupitishia brashi wenyewe. Kwa boti ya kuvulia ni hesabu nzuri kabisa, usimcheke mtu. Jua tu kwamba siku ukitaka kuhamia tini mbili utaikwangua yote.

Fundi anasema atatia thina kwenye jelikoti iwe laini ya kupulizia. Sawa?

Sio sawa. Thina na asetoni zinabaki ndani, jelikoti inakuwa na vitundu vitundu, rangi inapauka mapema na haikauki vizuri. Jelikoti ikihitaji kulainishwa inatumia stairini, tena kidogo, asilimia chache tu. Fundi akishikilia thina, tafuta fundi mwingine.

Katalisti, ile dawa ya kugandisha jelikoti, natia kiasi gani kwa joto hili?

Soma tini kwanza, lakini kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 kwa uzito, yaani gramu 10 mpaka 20 kwa kilo moja ya jelikoti. Kwa joto la hapa wengi wanakaa karibu na ule upande wa chini, la sivyo inashika ndani ya ndoo hujafika nusu ya ubavu. Ila usiteremke chini ya 1 eti upate muda, itakauka nusunusu na haitakuwa ngumu milele, hata uiache juani wiki. Bora uchanganye kidogo kidogo. Kizibo cha chupa si kipimo, nunua sindano ya hospitali isiyo na ncha ama mizani ndogo ya jikoni.

Ilobaki kwenye ndoo usiifungie, inachemka yenyewe na kutoa moshi na inaeza kushika moto, imwage nyembamba juu ya kipande cha bati mpaka ikauke. Na ukinunua jelikoti uliza tarehe, si kitu cha kukaa dukani mwaka, miezi kadhaa tu na kwenye joto ni chini ya hapo, kuna tini unafungua unakuta uji ushaanza kuganda.

Nimepaka jelikoti jana mpaka leo inanata. Imeharibika?

Huenda haijaharibika. Jelikoti ya kawaida uso wake ukiguswa na hewa haukauki, ndo ilivyotengenezwa, ili koti inayofuata ishikane nayo. Koti ya mwisho ndo inatiwa waksi iloyeyushwa kwenye stairini, ile waksi inaelea juu inaziba hewa na uso unakauka mkavu. Kama fundi hakuitia, kuna kupaka koti nyembamba yenye waksi juu yake, ama kupuliza ule utando wa plastiki wa maji unaokuja kuoshwa baadaye. Na kama aliitia waksi kwenye koti ya kwanza, lazima asugue kabla ya ya pili, la sivyo itabanduka.

Ikiwa inanata mpaka ndani, unaingiza kucha inazama, hapo ni katalisti ilikuwa kidogo ama haikukorogwa, na hio kwa kweli inakwanguliwa yote.

Kuna nyufa ndogo ndogo kwenye sitaha, rangi si itaziba?

Haitaziba, itazificha kwa muda tu. Ufa wa aina hii unatoka kwa sababu pale pananesa, mtu anakanyaga ama injini inavuta, faiba inajikunja na jelikoti ni ngumu haijikunji. Fungua kila ufa kwa ncha ya kikwangulio uwe kama mfereji, ujaze, usugue, ndo upake. Na kama unarudi palepale kila mwaka tatizo liko chini, ingia ndani uongeze faiba ama ubao wa kushikilia. Rangi wala jelikoti haziongezi nguvu ya boti hata kidogo.

Msimu gani mzuri wa kupaka?

Hapa ndo pagumu. Wenye boti za wageni wanataka kupaka wakati hakuna kazi, Mei na Juni, na hio ndo masika na kusi kali. Rangi ya tini mbili na maji ni maadui, hadina yake inashikana na unyevu badala ya rangi, unaona vipovu ama uso unakuwa na ukungu, umepoteza mng'aro usiku mmoja. Kipimo cha mafundi ni unyevu wa hewa usizidi asilimia 85 na boti iwe na joto angalau digrii 3 juu ya pale umande unapoanza kushika. Kwa lugha ya ufukweni, ukipitisha kiganja asubuhi ubavu ukiwa na maji hata kidogo, subiri.

Kaskazi, hasa Februari na Machi wageni wakipungua, kuna ukavu lakini upepo unaleta mchanga. Kwa hivyo banda la makuti na turubai upande wa upepo, maji yamwagwe chini vumbi litulie, anza umande ukishakauka na umalize kabla ya adhuhuri upepo haujapanda na ubavu haujawa wa kukaangia mayai. Ukianza saa tisa mchana, jioni umande unaikuta mbichi. Jelikoti inavumilia unyevu kidogo zaidi lakini nayo haitaki uso wenye maji.

Kuipandisha pia panga na mwezi. Boti kubwa inapandishwa bamvua (maji yanapojaa sana) na inashushwa bamvua, kama wiki mbili baadaye, ukichelewa kumaliza ndo unasubiri bamvua lingine na kila siku ni pesa. Hesabu kazi ya msasa ndani ya hizo wiki mbili kwanza, boti nzima ya jelikoti huwa haimalizikii hapo.

Gharama je?

Bei zinabadilika, chukua hesabu tu. Mbavu za mita 20 za mraba, jelikoti ya nusu milimita ni lita 10 kamili, na kwa sababu utasugua nyingine chini nunua 12 ama 13. Rangi ya tini mbili lita moja inapaka kama mita 10 kwa koti, koti tatu ni lita 6, na hapo bado praima. Lita ya jelikoti ni rahisi kuliko ya tini mbili, hapo ndo watu wanadanganyika, manake pesa ya jelikoti iko kwenye msasa, mishahara ya vijana na petroli ya jenereta ya kuendesha grainda pale ufukweni.

Vitu vingi vinatoka Mombasa, vinakuja kwa gari mpaka Mokowe kisha kwa boti. Katalisti usijaribu kuipandisha ndege Manda, hairuhusiwi na wako sahihi.

Chini ya mstari wa maji napaka hio hio?

La. Rangi ya finishi ya tini mbili haikuumbwa kukaa ndani ya maji mchana na usiku, inafanya malengelenge. Chini ni epoksi ya kuzuia maji, koti kadhaa, alafu rangi ya sumu ya kuzuia mwani na vile vidude vinavyoshika. Jelikoti pia usiitegemee kuzuia maji, yenyewe inapitisha polepole, ndo malengelenge ya boti za zamani yanatoka hapo. Ukiyapasua vaa miwani, yale maji yana mgandamizo na yananuka siki.

Alafu mstari wenyewe uchore boti ikiwa imepakia. Boti tupu inaelea juu, ukija kutia abiria na magunia ile rangi nzuri ya ubavuni inazama kila siku. Ongeza upana wa kiganja juu ya hapo.

Rola, brashi ama bunduki?

Rola ya sponji nyembamba, mwenzako nyuma yako na brashi laini anapitisha mara moja tu bila kukandamiza, mmoja anapaka mwingine analainisha, hamsimami mpaka mwisho wa ubavu. Watu wawili wazuri wanatoa kazi ambayo kutoka gatini huwezi kujua si ya bunduki. Bunduki kwenye upepo wa hapa nusu ya rangi inaenda kwa boti ya jirani.

Na kuna afya. Hadina ya tini mbili ina isosayaneti, ikipulizwa ikawa ukungu inaingia kifuani na inaeza kukupa pumu ya maisha, ukishaipata hata harufu kidogo inakurudisha. Kupuliza kunataka maski ya kuletewa hewa kwa mpira, na hio hapa hakuna anayo, basi usipulize. Kwa rola mahali pa wazi maski ya katriji za mvuke inatosha, ile ya karatasi ya korona haizuii chochote, wala leso. Katalisti ya jelikoti nayo ikiingia jichoni inaeza kupofua, miwani lazima, na ikiingia osha kwa maji mengi robo saa nzima ndo ukimbie hospitali, usianze kukimbia kwanza. Isikutane hata siku moja na ile dawa ya kobalti ya kuharakisha rezini moja kwa moja kwenye chupa moja, zinalipuka.

Bluu nzito ni nzuri, mbona mnasema nyeupe?

Bluu ama nyeusi kwenye jua la saa saba huwezi kuweka mkono. Faiba inapata moto, inatanuka, na ramani ya nyuzi inaanza kujichora juu ya rangi. Kupauka kwake pia kunaonekana mbali. Ukiipenda sana weka mstari mmoja wa bluu chini ya ukingo. Sitaha iwe nyeupe ama krimu tu, watu wanapanda bila viatu.

Na jahazi la mbao, naeza kulitia jelikoti lisivuje?

Usifanye. Mbao inavimba na kunywea, jelikoti haiwezi, itapasuka na maji yatajificha nyuma yake mbao ioze huioni. Wazee wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, na kalafati yao ya pamba ya kuziba mianya, sifa (mafuta ya papa) juu na deheni ya shahamu na chokaa chini, walikuwa wanatumia vitu vinavyokwenda na mbao. Siku hizi wengi wanatia rangi ya mafuta juu, hio ni sawa, inapumua kidogo na inakwanguka kirahisi.

Nimemaliza. Lini naishusha?

Tini mbili kwa joto letu inashikika kesho yake, lakini ugumu wake kamili ni kama wiki. Ukiishusha mapema weka maputo ya kuzuia kugongana ya kutosha na usiifunge gatini katikati ya wenzake, iache nangani siku hizo, kamba isilale juu ya ubavu. Usipige waksi wala sabuni kali mpaka wiki ipite. Jelikoti ikishasuguliwa na kupolishiwa iko tayari. Rangi ya sumu ya chini ina muda wake ulioandikwa kwenye tini, wa kusubiri kabla ya maji na wa mwisho wa kukaa kavu, angalia vyote viwili ndo ulinganishe na bamvua.